Ringi Iliyopinda: namna ya kutengeneza filamu ndogo ya urafiki kwa simu

Kazi yangu ni video za harusi. Mwaka wa 11 huu niko Tanga, kutoka Ngamiani mpaka Pongwe, nashuti bibi harusi akishuka kwenye gari, nashuti masinia ya pilau, nashuti mashangazi wakitunza. Halafu mwaka juzi nikashikwa na hamu ya kutengeneza kitu ambacho hakuna mtu ananilipa: filamu ya dakika 12 kuhusu watu wawili ambao mtaa mzima usingedhani wataelewana. Wengi wameniuliza nilifanyaje. Naandika yote hapa, na nilipoharibu pia nitasema.

Hadithi ni hii. Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anatoka eda ya kufiwa na mume, miezi minne na siku kumi zimetimia. Uani imebaki baiskeli ya marehemu, matairi yamelala, ringi ya mbele imepinda. Anaikokota mpaka kwa fundi itengenezwe apate kuiuza. Fundi ni kijana wa miaka 26, na mwalimu akimtazama vizuri anamjua: alikuwa anakaa dawati la nyuma, alimchapa sana, na siku moja alimwambia mbele ya darasa kuwa hatafika popote. Kijana naye hajasahau. Baiskeli haiuzwi. Mwisho mwanafunzi anamfundisha mwalimu kuiendesha.

Basi, ndiyo hiyo. Hakuna mchawi, hakuna mtoto wa tajiri aliyepotea, hakuna anayepigwa kofi sebuleni.

Tafuta kazi kwanza, hisia zitakuja zenyewe

Skripti yangu ya kwanza ilikuwa mbovu. Niliwakalisha hao wawili kwenye benchi wakaelezana upweke wao kwa kurasa sita. Nikamsomea shangazi yangu, ambaye mwenyewe ni mwalimu mstaafu. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele, kisha akauliza, "Hawa watu hawana kazi ya kufanya?"

Niliudhika siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kukaa kwa fundi baiskeli chini ya mti wa mkungu, karibu na soko, nikakaa asubuhi tatu mfululizo. Nakwambia nawe ufanye hivyo kabla hujaandika hata mstari mmoja. Chagua kazi inayofanywa kwa mikono, inayohitaji mtu wa pili ashike kitu, na ambayo mtazamaji ataona kwa macho kwamba inasogea. Kuziba nyavu, kusuka ukili, kukanda unga wa maandazi ya kuuza alfajiri, kushona na kupachika vifungo, zote zinafaa. Kaa pale. Uliza kila kifaa kinaitwaje. Usitoe simu siku ya kwanza, watu wakiiona simu wanaanza kujinyoosha.

Mimi nilijifunza hivi: ringi ikipinda hainyooshwi kwa nyundo. Fundi anaigeuza baiskeli miguu juu, anaizungusha gurudumu, anatazama inapoyumba. Halafu anakaza spoku moja, analegeza nyingine, robo ya mzunguko tu kila mara. Spoku iliyofungwa upande wa kushoto ukiikaza inavuta ringi kushoto, ya kulia inavuta kulia. Kazi ya subira. Na ili ajue hasa palipopinda, fundi huyu alichukua kipande cha chaki, akakishika karibu kabisa na ringi inayozunguka, akaiacha izunguke. Pale ilipotokeza nje, chaki ikaigusa ikaacha alama nyeupe.

Chaki! Nilitaka kumkumbatia. Kijana aliyerushiwa chaki darasani, na mwalimu ambaye miaka yote vidole vyake vilikuwa vyeupe. Nisingeweza kulibuni hilo nikiwa nimekaa mezani nyumbani.

Ndiyo maana nasema kazi kwanza. Ringi ikawa ndiyo kipimo cha urafiki wao: sini ya pili inayumba kama mlevi, sini ya sita inatikisika kidogo, sini ya tisa inazunguka. Hakuna aliyehitaji kusema "sasa tumekuwa marafiki".

Kama unadhani jambo dogo hivi halibebi filamu, mkumbuke Mzee Kimani Maruge wa Kenya, aliyekwenda kuandikishwa darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, mwaka mmoja baada ya serikali yao kufuta ada za shule za msingi. Mzee mwenye kaptura na soksi ndefu amekaa na watoto wa miaka sita. Watu walikuja kulitengenezea filamu jambo hilo, na sehemu kubwa ya nguvu yake imo katika hiyo picha moja. Nawe tafuta picha yako moja. Yangu ilikuwa mwalimu mzima na heshima zake amechuchumaa, ameshika chaki, anaambiwa na mwanafunzi wake, "Usitetemeke, Mwalimu."

Kuandika

Waandishi wa skripti huhesabu ukurasa mmoja kwa dakika moja, na ni hesabu ya kukuzuia usijidanganye. Yangu ilikuwa kurasa 11, sini tisa, lokesheni tatu: uani kwa shangazi, banda la fundi, uwanja wa shule. Ukizidisha lokesheni utakula nauli yote na nusu ya siku itaisha mnahamisha mabegi.

Weka kikwazo, lakini kidogo. Kwangu walikuwa wawili: mnunuzi aliyekuja na shilingi 60,000 mkononi, na jirani anayesema kwa sauti ya kusikika kwamba mwenzetu ametoka eda juzi leo yuko kijiweni na vijana. Mtu wa Pwani hahitaji kufafanuliwa zaidi ya hapo.

Halafu pitia mazungumzo na kalamu nyekundu. Kila mahali mtu anaposema anachohisi, jiulize kama anaweza kufanya kitu badala yake. Nilikuwa na ukurasa mzima wa mwalimu kumwomba fundi msamaha. Niliufuta wote. Katika filamu mwalimu anafungua mkoba, anatoa chaki nzima, mpya, na kumpa badala ya kile kipande chake kilichokwisha. Fundi anaivunja katikati, anamrudishia nusu. Watazamaji waliolia, walilia hapo.

Watu wako

Sikuwa na hela ya waigizaji, na kusema kweli sikuwataka. Shangazi akawa mwalimu. Fundi akawa fundi. Hilo la pili lina maana kubwa kuliko unavyofikiri, kwa sababu mikono haiigizi. Ukimchukua mwigizaji mzuri ukampa spana asiyoijua, kila fundi wa Tanga atacheka, na Tanga kwa baiskeli huwezi kuwadanganya watu.

Usiwape watu wasio waigizaji skripti wakariri. Waelezee sini inahusu nini, nani anataka nini, waseme kwa maneno yao. Shangazi yangu alikaidi, akakariri yote usiku kucha, kesho yake akawa anaongea kama anaita majina ya rejista. Nilishuti mara tisa, hakuna kitu. Mwishoni nikamwambia tufanye mazoezi tu, akashike chaki, amsikilize fundi anavyoelekeza. Simu ilikuwa inarekodi. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimewaambia wote kwamba nitafanya hivyo wakati mwingine, na wakakubali; bila ruhusa ni wizi. Ile "mazoezi" ndiyo iliyomo kwenye filamu. Pale anaposema, "Ngoja, ngoja, hapa bado," hayakuwa maneno yangu. Alikuwa ameiona ringi kweli.

Usimwambie mtu alie. Shangazi ni mjane wa miaka saba, na baiskeli tuliyotumia ilikuwa ya mjomba, mume wake. Nilimuuliza mapema, peke yake, kama ataweza. Akasema ataweza, ila asiulizwe kitu siku ile. Kwenye sini ya kuitoa baiskeli nilimwambia tu atoke nayo. Akaifuta tandiko kwa ncha ya kanga, mara mbili, akatoka. Sikuongeza neno.

Walipe. Fundi akikaa kwako siku nzima, wateja wake wanakwenda kwa mwenzake. Nilimpa shilingi 15,000 kwa siku kwa siku nne, chai na chakula juu yangu. Andikeni karatasi, hata ya daftari, kwamba amekubali picha yake ionyeshwe, mweke sahihi nyote. Mambo yakiwa mazuri ndipo watu wanapogombana.

Na sasa kanga. Tulishuti sini nzima ya kwanza ya kukutana kwao, nikafurahi, nikaenda nyumbani kuitazama. Mgongoni mwa shangazi pameandikwa, wazi kama bango: HASIDI HANA SABABU. Yaani mwalimu anaingia kwa fundi anayemwogopa, na kanga yake inamtukana kabla hajafungua mdomo! Huku kwetu kanga inazungumza, na mtazamaji ataisoma kwanza kabla ya kusikiliza mazungumzo. Tulirudia kesho yake kwa kanga yenye WEMA HAUOZI, na hiyo niliikunja makusudi lionekane neno moja tu. Kagua kila kitu chenye maandishi: kanga, fulana, kofia za vyama, bango la dukani kwa nyuma.

Simu na mwanga

Futa kioo cha kamera. Usicheke, mafuta ya maandazi yameniharibia shoti nyingi kuliko giza. Iweke simu kwenye hali ya ndege ili mtu asipige katikati ya sini. Ishike kwa kulala. Gusa uso wa mtu kwenye kioo na ushikilie kidole mpaka fokasi na mwanga vifungwe, la sivyo kila wingu likipita picha itapanda na kushuka.

Kama programu yako inakuruhusu kuchagua, shuti fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata 1/50, yaani kila fremu ipigwe kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukitumia namba zisizolingana nao taa za tyubu zitakuwa zinapepesa kwenye picha. Mimi nilishuti kwa HD ya kawaida, 1080, sikutaka 4K. Simu yangu inakula karibu MB 130 kwa dakika hata hivyo. Kila jioni hamisha kila kitu kwenye kompyuta na kwenye flashi ya pili kabla hujala.

Jua la mchana kwetu linasimama utosini na kumfanya mtu awe na mashimo ya macho. Shuti kuanzia saa moja hadi saa tatu na nusu asubuhi, pumzikeni, rudini saa kumi. Jioni usizubae, huku jua likishazama giza halichelewi. Shida yangu ilikuwa ule mkungu: majani yanaangusha madoa ya mwanga usoni, upepo ukivuma madoa yanacheza, fundi anaonekana kama chui. Tulifunga shuka jeupe kwenye matawi juu ya vichwa vyao. Shilingi 8,000, na mwanga ukawa laini kama wa baraza.

Kila sini shuti kwa mbali kwanza, yote, kisha nyuso, kisha mikono. Mikono ishuti mara mbili ya unavyodhani inatosha. Na amua nani anakaa wapi. Mwanzoni niliweka gurudumu katikati yao, mwalimu kushoto, fundi kulia. Sini ya sita mwalimu anazunguka kuchukua spana, na hatarudi tena upande wake. Kuanzia hapo wako upande mmoja wa gurudumu. Hakuna mtazamaji aliyeniambia ameliona hilo, ila nadhani liliwaingia.

Sini ya kuendesha ilinitisha, kwa sababu shangazi ana miaka 64 na hakuwahi kupanda baiskeli. Fundi akanifundisha anavyofundisha watoto: anashusha tandiko mpaka miguu ifike chini, anatoa pedeli zote mbili, mtu anajisukuma kwa miguu kama anatembea amekaa, mpaka mwili uelewe mizani. Pedeli zinarudi baadaye. Baiskeli ya kiume ina lile bomba la juu, kwa hiyo shangazi alivaa suruali ndani ya dera. Mimi nilikaa kwenye guta, lile la magurudumu matatu la kubebea mizigo, nimegeukia nyuma, vijana wawili wakalisukuma taratibu mbele yake uwanjani. Picha ilitulia kuliko ningekimbia. Alianguka mara moja, kwenye nyasi, akacheka, na hicho kicheko kimo.

Sauti

Hapa ndipo filamu nyingi za simu zinapokufa. Mtazamaji atavumilia picha yenye chenga, sauti mbaya hataivumilia.

Adui wa kwanza Tanga ni kunguru. Wa pili bodaboda. Adhana siihesabu kama adui, lakini panga ratiba kwa kujua itakuwa saa ngapi, maana ukiunganisha shoti mbili, moja ina adhana na nyingine haina, itasikika imekatwa kwa panga. Nenda lokesheni siku moja kabla, saa ileile utakayoshuti, funga macho dakika tano.

Nilinunua maiki ya kubana shatini kwa shilingi 25,000. Ukiibana kwenye kanga inakwaruza kila mtu akipumua, kwa hiyo niliigandisha kwa plasta ya hospitali ndani ya mtandio, waya umelegezwa kidogo. Simu ya pili nikaiacha inarekodi sauti ndani ya sanduku la spana, miguuni pao. Mwanzoni mwa kila shoti mtu anapiga kofi moja la mikono mbele ya kamera. Ukiediti, unalinganisha mlio na viganja vinapokutana, sauti na picha zinakaa sawa.

Kabla hamjaondoka mahali, waambie wote wanyamaze, rekodi nusu dakika ya ukimya wa pale. Ukimya wa chini ya mkungu si sawa na ukimya wa uani. Utautumia kuziba mapengo. Rekodi pia vitu peke yake, karibu kabisa: spoku ikikazwa, gololi zikimiminwa kwenye kifuniko, gurudumu likizunguka mpaka lisimame. Muziki sikuweka kabisa. Nilitamani taarabu ya zamani, Tanga ni mji wa taarabu, lakini wimbo una mwenyewe na kibali chake kinatafutwa. Kengele ya baiskeli ikatosha.

Kuediti, na vibali

Mkato wa kwanza ulikuwa dakika 19. Nilifuta sentensi ya kwanza na ya mwisho ya karibu kila sini, na karibu kila mara ikawa bora. Niliediti kwenye DaVinci Resolve ya bure, programu ya kompyuta ya kuunganisha video. Kama huna kompyuta, programu za simuni zinatosha, angalia tu isikuachie nembo yake pembeni. Kisha jaribio langu pekee ninaloliamini: mwonyeshe mtu filamu bila sauti, umuulize walianza kupatana wapi. Akionyesha pale ulipokusudia, umemaliza. Binamu yangu alionyesha sini moja mapema zaidi ya nilivyotaka, nikagundua fundi alitabasamu bila idhini yangu. Nikamkata tabasamu.

Vibali sikupenda, ila ndivyo ilivyo. Tanzania Bara filamu zinasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976; waulize kabla ya kushuti na kabla ya kuonyesha hadharani. Zanzibar nenda BASSFU, baraza lao la sanaa, sensa ya filamu na utamaduni. Uwanja wa shule omba kwa mkuu wa shule, kwa barua. Mimi sehemu moja nilizungushwa wiki mbili kwa sababu ya muhuri, kwa hiyo anza mapema. Ukitaka kupeleka kwenye tamasha, ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, linapokea filamu fupi, na weka tafsiri ya Kiingereza chini ya picha.

Kuonyesha

Usiipakie mtandaoni siku uliyoimaliza. Waonyeshe kwanza waliomo. Tuliazima projekta kwa mpiga muziki wa harusi, tukatundika lile shuka la mkunguni ukutani kwa shangazi, baada ya sala ya isha ili giza likae vizuri. Niliandaa kashata na kahawa ya watu 20, wakaja kama 50. Watoto walikaa mkekani mbele, na kila ringi ilipotokea walikuwa wanapiga kelele "inayumba!" Hapo nikajua.

Gharama yote, pamoja na kashata, ilifika shilingi 187,000.

Filamu ilipoisha watu wakapiga makofi, shangazi akajifunika uso kwa mtandio. Fundi hakupiga makofi. Alinyanyuka, akasogea karibu na shuka, akaniomba nirudishe shoti ya mwisho. Nikarudisha. Akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama tena.

"Bado," akasema. "Inagusa kidogo upande wa kulia. Hamuoni?"

Nikamwambia hakuna atakayeona, na kushuti upya siwezi. Kesho yake asubuhi shangazi akanipigia simu kuniambia fundi yuko uani na spana yake, baiskeli iko miguu juu, na kama nakwenda huko nipitie dukani niwaletee chaki.